Mpaka Tatu

Sanamu la mazoezi tumelipa jina: Bwana Hana.
Hana miguu, hana mikono, hana wa kumlilia.
Kifua chake cha mpira hulia ko! ukikibonyeza sawasawa,
na kisipolia, Maalim Shaame husema,
"Umeshamzika. Mwengine."

Thelathini, pumzi mbili. Thelathini, pumzi mbili.
Jasho langu linamdondokea kwenye paji
utadhani yeye ndiye mwenye homa.
Hidaya anahesabu kwa sauti; akifika ishirini na tatu hucheka,
na hata mwenyewe hajui kwa nini ishirini na tatu.
Nje, barabara ya Gombani, vuli imeshuka ghafla,
watu wanakunja majamvi mbio
na karafuu zao vifuani kama watoto wachanga.

Nimeshajua damu inayochuruzika na damu inayoruka.
Nimeshajua kuuliza jina kabla ya kuuliza maumivu.
Nimejifunza kusema redioni kwa maneno matano,
mimi, mtoto wa Bikombo,
ambaye salamu yake peke yake ni nusu saa.

Jumanne Maalim akaja na kola ya shingo na ubao wa manjano.
"Mtu kaanguka mkarafuuni. Nani anafanya nini?"
Nassor hakungoja: "Tunamnyanyua, tunampa maji!"
Tukacheka. Maalim hakucheka.
"Huenda kaanguka na uti wake mzima, au nusu yake.
Ukimnyanyua hivyo, iliyobaki unaikata wewe.
Si mti. Wewe."

Nikatazama kucha zangu.

Tawi la mkarafuu halipigi hodi.
Baba alikuja nalo chini, na pakacha lake shingoni,
Kangagani, mimi nina miaka kumi na moja,
naokota mpeta chini ya mti wa pili.
Alikuwa akisema. Alikuwa akiwatukana siafu.
Na dole gumba lake la mguu, nalikumbuka,
lilikuwa likicheza
kama linatafuta ndara.

Wakaja watu wema.
Wangekuja wabaya, leo ningekuwa na wa kumlaani.
Mmoja mkono, mmoja mkono, wawili miguu,
na kichwa wakanipa mimi
kwa kuwa ndicho chepesi.
Nikakishika kama nazi ya kukuna.
Nikamkunja shingo ili anywe,
maji ya mtungi, ya baridi.
Akasema, "Ahsante, Mize."
Kisha gari ya magunia, mpaka Wete, kila shimo.

Mchana tukabadilishana. Nikalala ubaoni, nikawa mgonjwa.
Hidaya akapiga magoti nyuma ya utosi wangu,
viganja viwili, masikio mawili,
nikasikia mapigo, yake au yangu.
"Mwenye kichwa ndiye mwenye amri," Maalim akasema.
"Hata akiwa mdogo kuliko wote.
Hakuna anayegusa, hakuna anayegeuza,
mpaka mwenye kichwa aseme tatu."

Mwenye kichwa.
Walionizunguka siku ile walikuwa watu wazima kumi na wawili,
na hakuna aliyejua, mimi wa kwanza,
kwamba walikuwa wakiningoja.

Jioni nimemkuta baba dirishani, sinia kifuani,
anachambua karafuu za watu kwa vidole vyenye kasi ya cherehani.
"Leo mmesoma nini?"
"Kuhesabu."
"Mpaka ngapi?"
"Mpaka tatu."
Akacheka hadi makonyo yakamwagika shukani.
"Chuo kizima, Mize! Nauli yote ile! Mpaka tatu!"

Ilikuwa saa ya kumgeuza, asije akatoka vidonda.
Mama akashika kiuno kama kila siku, akaanza kuvuta.
"Ngoja," nikasema. "Kwa amri yangu."
Akanitazama, mkono mmoja hewani.
Nikaweka viganja pande mbili za masikio yale.
Ndevu zimeanza mvi. Nywele zinanuka karafuu.
Moja.
Mbili.

Nikatupa jicho kwenye dole gumba.
Mazoea tu.

Tatu.