Pua ya Bwawa

Simu imetetemeka chini ya mto.
Kabla sijaisoma nilijua ni bwawa.
Nani mwingine wa kuniita saa hii hapa Tongoni,
mjane wa miaka hamsini na tatu
mwenye mwatiko elfu moja na mia mbili?

Moja nukta tisa, kimeandika kihisi.
Hakijui salamu. Hakiulizi nimeamkaje.

Kilifika mwaka jana ndani ya boksi la viatu,
mapajani mwa Shekiondo, kijana wa Lushoto
ambaye hajawahi kuogelea.
Akakifunga kwenye dumu tupu la mafuta ya kula,
akalibandika sola mgongoni,
akasema: Mama, hii ndiyo pua ya bwawa.
Mwanamkasi akacheka hadi kanga ikamdondoka.
Pua! Na mafua je?

Mafua kinapata. Kila Ijumaa nakisugua kwa mswaki,
ukoga wa kijani, vijikonokono kama chenga za mchele.
Nikikiacha wiki mbili kinaanza kusema uongo,
uongo mtamu, kwamba hewa ipo tele,
kama mtu mzima anayeogopa kumsumbua daktari.

Mama yangu alikuwa hivyo.
Pale Bombo, kitanda cha dirishani, sijambo, sijambo,
na asubuhi nesi akanikabidhi karatasi:
saa kumi kasorobo.
Ninayo mpaka leo, ndani ya msahafu.
Angalau yupo aliyekuwa macho.

Lakini wale samaki wa mwaka ule,
masika, wingu zito, hata jani la mkoko halitikisiki,
tumewamwagia pumba ndoo tatu kwa mapenzi
tukaenda zetu kulala,
nani aliandika saa yao?
Kulipokucha bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo.
Wengine wakasema jicho. Wengine, sumu.
Mume wangu aliinama, akayaonja maji,
akatema, akasema: mbona chumvi ni ileile.
Alikwenda kaburini bila kujua
kwamba pumba iliyobaki ilioza chini ya tope
ikavuta pumzi yote usiku ule.
Tuliwaua kwa kuwashibisha.

Siku hizi napima kwa kopo.
Ndoo tatu zimekuwa moja na robo
na samaki wamenona kuliko zamani.
Jambo hilo bado linaniudhi kidogo.

Nimefika kwenye tuta. Nimewasha taa ya simu.
Midomo, mamia, juu ya maji,
ikifunguka na kufumba
kama watu wanaoita nyuma ya kioo.
Ningefungua lango bahari iingie,
lakini leo ni maji mafu,
bahari imejikalia huko ng'ambo ya mikoko
na kihisi, chenye kujua hewa na joto na chumvi,
hakijui la kufanya.

Nikapiga simu mbili.
Mwanamkasi akaja na sinia la pilau,
Bi Rehani na bintiye wakaja na beseni,
tukaingia hadi kiunoni, tukaanza kuyapiga maji.
Kuchota, kurusha juu, kupiga.
Sinia likalia bwawa zima,
mbwa wa Machui wakajibu.

Moja nukta saba, akasoma binti kutoka kwenye tuta.
Usisome, mamake akamwambia.
Akasoma.
Moja nukta saba.
Bega langu la kulia lilishaniaga.
Moja nukta nane.
Hakuna aliyesema kitu, tulipiga tu,
tope likituvuta miguu kama mdai.
Mbili kamili!
Sauti ya mtoto aliyeliona jina lake ubaoni.

Kulipopambazuka upepo ukaja, umechelewa, hauna haya,
ukayakunja maji kwa kidole kimoja
ukafanya bure kazi iliyotuvunja migongo.

Samaki thelathini na mmoja walielea.
Niliwaokota mwenyewe, nikawahesabu mara mbili,
nikaandika kwenye daftari:
idadi, tarehe,
na pembeni, kwa kalamu nyekundu, saa.
Nilikuwa macho.