Daftari la Nguo Zisizochukuliwa

Baba alikuwa fundi cherehani hapa Lubumbashi,
kwenye baraza ya duka la Madamu Estreya, muuza vitambaa,
Myahudi wa kisiwa cha Rodo, mahali
nilipopajua kwa Matendo ya Mitume tu:
Paulo alipita, akaendelea.

Kila adhuhuri Madamu alifunga pazia
la upande wa dohani ya kiwanda cha shaba.
Baba alidhani ni jua.
Miaka saba alidhani ni jua.
Siku moja akamwonyesha picha: wasichana kumi na mmoja,
kola nyeupe, mmoja amefumba macho.
"Huyu ni mimi, niliyetangulia kuja Kongo kuolewa."
Wengine waliitwa waje kuandikwa majina, kuandikwa tu,
wakapakiwa mashua, halafu mabehewa.
"Huko nako kulikuwa na dohani," akasema,
akarudi kukata mita tatu za poplini.

Lakini kabla ya mabehewa, alisema, huko Ulaya
walitangulia wenye vipimo:
wakapima pua, wakapima mafuvu, wakajaza majedwali.
Baba, futi shingoni, akauliza kama fundi:
"Walipata sentimita ngapi?"
"Walipata walichokuja kukitafuta."

Mimi nilikuwa na miaka tisa mwaka ule
iliposemwa watu wa Kasai warudi kwao.
Kwao!
Biuma alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu,
Kiluba chake bibi yake mwenyewe alikicheka.
Neno lilikuwa *bilulu*. Wadudu.
Lilikuwa tamu mdomoni, sitadanganya,
lina mdundo, tuliliimba tukiruka kamba.
Hakuna aliyenifundisha. Nililiokota njiani
kama mtoto anavyookota kizibo cha chupa.

Baba alinisikia. Hakunipiga.
Alinisimamisha juu ya meza, akavuta futi:
bega thelathini, mkono arobaini na mmoja,
akaandika. Kisha akanivika ile futi shingoni:
"Nenda nje ukapime mdudu.
Rudi uniambie anavaa saizi gani."
Nilichutama uani hadi giza. Mchwa hawakutulia.

Ningependa kukomea hapa,
baba yangu akiwa mwenye haki, mimi nimeshajifunza.
Ila usiku walipokuja kwa akina Biuma
tulizima taa.
Baba aliketi nyuma ya mlango.
Tulisikia sufuria zikianguka, moja, nyingine,
na mama yake Biuma akihesabu watoto kwa sauti,
anakosea, anaanza tena.
Baba hakufungua.

Kwa majuma mengi gare ikawa mji:
magodoro, baiskeli, wagonjwa chini ya mahema ya kanga,
wote wakingoja behewa.
Nilitumwa kupeleka bukari.
Biuma alipokea sahani, hakunitazama.
Alinirudishia kitambaa cha kufunikia,
amekikunja mara nne, pembe kwa pembe.

Siku hizi dukani wanauza simu.
Nikisimulia haya darasani kwangu
daima kuna mwanafunzi anayeuliza: unalinganisha?
Hapana. Vifo siviweki kwenye mizani.
Rodo ni Rodo, Lubumbashi ni Lubumbashi,
sizishoni pamoja ziwe nguo moja.
Uzi tu ndio ninaoutambua,
maana niliwahi kuulowesha kwa mate yangu mwenyewe
ili upite kwenye tundu la sindano.

Baba aliniachia cherehani, ambayo niliiuza,
na daftari, ambalo sikuliuza.
Ukurasa wa mwisho wenye wino:

Kanyinda. Bega 46, kiuno 81. Suruali ya kijivu. Amelipa nusu.
Ntumba. Blauzi ya maua, mikono mifupi, analalamikia joto.
Biuma. Gauni la Pasaka.
Acha upindo mpana, bado anakua.