Mke wa Mwokaji

Saa tisa za usiku saa yangu hulia,
nami hushuka ngazi viatu mkononi
nisimwamshe mtu.
Miaka kumi na minne nashuka hivyo,
na mara nyingi ni uangalifu wa bure:
taa ya jikoni inawaka,
Graciete ameinamia meza,
koti langu kuukuu mabegani,
kalamu ya kijani mdomoni.

Nyekundu aliiacha. Anasema wino mwekundu
huwafanya watoto wasome alama, wasisome maneno.
Kijani huinunua mwenyewe,
kama anavyonunua gundi, bahasha, soksi.
Soksi! Nilipoiona risiti niliuliza.
"Theluji haibishi hodi darasani," akanijibu.

Hapa Covilhã, mlima ukishavaa nyeupe,
wateja huingia wakipuliza vidole,
hunionea huruma mimi. Pole na moto, pole na usiku.
Huyatazama makovu yangu ya tanuri kama nishani.
Kisha mzee Abílio, akihesabu sarafu, husema:
"Mkeo ana bahati. Alasiri yuko huru.
Na likizo ile ya kiangazi!"
Nami hufunga mkate wake, kimya,
kwa kuwa kazi yangu hunukia mtaa mzima
na ya mke wangu haina harufu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Mimi nakilalia.
Upande wake ni baridi.

Mkataba unasema saa ishirini na mbili kwa wiki.
Sikusoma sana, lakini kupima najua,
na gunia la kilo ishirini na mbili
halimpindi mtu mgongo namna ile.
Mama yake Ivone hupiga simu saa nne usiku
kuuliza kwa nini nne, kwa nini si tano.
Kioo kimoja kilipovunjika, zilijazwa fomu tatu,
na hakuna iliyouliza habari za mkono uliokivunja.
Kuna mkutano wa kupanga mkutano.
Kuna msichana aliyehamia juzi kutoka Kharkiv:
wiki nzima Graciete aliosha vyombo
akilirudia jina lake, Yevheniia, Yevheniia,
hadi likaacha kumkwaruza ulimi.

Na kila asubuhi, akipita dukani,
huchukua mikate miwili midogo.
Ya saa nne, husema.
Nilifurahi. Nilidhani anakula.

Januari homa ikamlaza.
Siku ya pili akaingia mvulana,
begi kubwa kuliko mgongo, hakununua kitu.
Alisimama karibu na trei, penye joto,
akauliza kama mwalimu atakuja kesho.
Nikasema, sijui, huenda.
"Basi mwambie Telmo amemaliza insha."
Hakutaja njaa. Hakutazama mkate,
na ndiyo maana nikajua.
Mikono yangu ilitia miwili mfukoni
kabla kichwa hakijaanza kuhesabu.

Usiku ule nilishuka na viatu mkononi.
Alikuwa mezani, blanketi shingoni, anakohoa,
insha ya Telmo mbele yake, nusu ukurasa,
na pembeni maneno ya kijani marefu kuliko insha.
Nikamuuliza: huyu naye yumo katika zile ishirini na mbili?
Hakujibu. Aliupuliza wino ukauke.

Nikaketi. Sijawahi kuketi saa ile.
Nikachukua rundo la fomu za safari ya darasa,
nikaanza kuzipanga kwa majina,
kwa vidole vyangu vinene vya unga,
na tanuri likasubiri.

Siku hizi mikate miwili siiandiki daftarini.
Nimejifunza kwake.

Asubuhi ile mkate ulichelewa.
Abílio alikuwa mlangoni, amekunja uso,
akauliza nilikuwa wapi.
"Shuleni," nikamwambia.