Mnara wa Vitunguu

Basi dogo lilitushusha mbele ya kituo cha polisi.
Ng'ombe alikuwa amelala katikati ya lami kama mdai,
na polisi akamzunguka kwa adabu.
Huo ndio mji: barabara moja, duka la mkate,
benki yenye kufuli, na minara ya mawe
imesimama nyuani mwa watu
kama wageni waliokuja msibani miaka mia nane iliyopita
wakasahau kuondoka.

Tsiala alitupokea kwa mkono wenye unga.
Hakuuliza tumetoka wapi. Aliuliza tumekula?
Akakata mkate uliofichwa nyama ndani,
akanyunyiza chumvi ya milimani, iliyotwangwa na kitunguu saumu,
ikanipanda puani, nikapiga chafya mara tatu.
"Tatu," akasema, mjukuu wake akitafsiri,
"basi mtakaa siku tatu."
Tulikuwa tumelipia mbili.

Kesho yake alitupandisha mnarani.
Ngazi, tundu, ngazi, tundu,
kichwa kwanza, kama kuzaliwa.
Humu walijifungia babu zake, kisasi kikiwangoja nje
msimu mzima, wakichungulia kwa mwanya usiopitisha paka.
Ugomvi ulikuwa wa ng'ombe, au wa mpaka wa shamba,
au wa ng'ombe aliyevuka mpaka wa shamba.
Sasa kwenye ghorofa ya woga ametandika magazeti
na juu yake vitunguu, mamia, vinakauka,
maganda yakichakarisha kila upepo upenyapo.
"Pakavu," akasema, akiupiga ukuta kofi
kama anayempiga punda mgongoni.
"Walijenga vizuri, waoga wale."

Siku ya pili Bachuki, miaka kumi na minne, viatu vya mpira,
alitutangulia msituni kwenda kwenye barafu.
Tulivuka daraja la mbao linalolalamika kila hatua,
mto chini yake mweupe kama maji yaliyooshea mchele.
Tulikunywa chemchemi inayotoa kutu:
ladha ya msumari ulionyonya utotoni.
Halafu jiwe, na juu yake mwaka, kwa rangi nyekundu.
"Nilipozaliwa, barafu iliishia hapa."
Tukatembea.
Nilihesabu hatua mia nne na ushei, hesabu ikanipotea
kwenye kifusi, tukatembea tena,
ndipo tukaiona: si nyeupe. Ya kijivu, imejaa changarawe,
inadondoka tone, tone,
kinywa wazi, na ndani buluu
ambayo Kiswahili changu chote hakikuifikia.
Mawe yakaporomoka. Bachuki akatuvuta nyuma kwa mikoba.
"Inahama," akasema.
Nikauliza, inahamia wapi?
Akaelekeza kidole mtoni.

Siku ya tatu ukungu ulishuka hadi paa la banda la kuku.
Mlima wa pembe mbili, ule tuliousafiria,
ule wa kwenye kalenda ya jikoni, haukuwepo.
Kwetu tunasema mgeni siku mbili;
ya tatu hapakuwa na haja ya kusema,
jembe lilikuwa limeegemezwa mlangoni petu.
Tukachimba viazi naye, magunia mabegani.
Saa tano hivi ukungu ukachanika
na mlima ukawa hapo, karibu mno,
kama mtu unayemkuta nyuma ya mlango.
Simu mfukoni, matope hadi viwikoni.
Kabla sijapata pa kujifutia, pakafungwa.
Nikamwita Tsiala, nikamwonyesha ukungu mtupu.
Hakuinuka.
"Upo siku zote," akasema.
"Viazi ndivyo vinavyooza."

Alitufungashia vitunguu vitano kwenye soksi ya sufi.
Vinne tumekula, na nimelia,
msinipe pole, ni kitunguu.
Cha tano kimechipua. Nimekiacha dirishani.
Kinainamia kaskazini,
au labda kinafuata mwanga tu.