Mthamini

Tulianza na marehemu mumewe, juu ya meko,
kofia ya kiwanda cha chuma imekaa upande.
"Mshushe taratibu," alisema Verdell,
"huyo hakuzoea kuondolewa kwake."
Kisha Ondrea na joho la mahafali,
kisha mjukuu asiye na meno ya mbele,
kisha mama mkwe, aliyefika Cleveland kwa treni
na cherehani mapajani.
Picha kumi na tisa. Tukazifunga kwa mashuka,
tukazivusha uzio hadi kwangu,
theluji ikituingia viatuni,
kama wezi wawili wanaoiba nyumba
ambayo mmoja wao ameilipia miaka thelathini.

Ukutani tukaacha ziwa,
la dola kumi na moja, fremu ya plastiki.
Ziwa halina kabila.

Mthamini wa kwanza, mwezi wa tisa,
alikaa dakika kumi na mbili.
Alitazama kuta kabla ya kutazama paa.
Verdell aliisoma ile tarakimu mara mbili,
bila miwani, halafu kwa miwani.
Alitaka mkopo juu ya nyumba, afungue
jiko la kupikia watu wa harusi na matanga.
Benki ikasema nyumba haifiki.
Haifiki wapi? Imekaa pale pale.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo nilivyolelewa.
Huyu wa pili alifunguliwa mlango na Gail,
mzungu wa karakana ya mabasi,
walikotengeneza breki pamoja;
mwenyeji mwenyewe yuko jikoni kwangu,
ukoo wake umeegemea miguu yake,
ananiuliza: "Kwenu, tajiri ni nani?"

Kwetu, tajiri ni mimi.
Mimi ninayegeuza wagonjwa usiku, ubavu kwa ubavu,
ninayeitwa bosi kutoka Singida:
bati, ada, figo za mjomba.
"Tajiri," nikamwambia, "ni mtu asiyepigiwa simu."
Akacheka hadi chai ikammwagikia mama mkwe.
Akamfuta kwa kiwiko.
"Mimi nilidhani ni mtu mwenye risiti."

Anazo. Maboksi saba ya viatu.
Mali bila daftari huisha bila habari, tunasema,
lakini yake ilikuwa na daftari,
ikapungua na habari zake zote,
mstari kwa mstari, kwa wino mweusi.

Ijumaa tarakimu ikaja.
Paa lile lile, bomba lile lile linalokohoa,
zaidi kwa dola sitini na moja elfu.
Nilijiandaa kupiga kigelegele. Nikakimeza.
Alikuwa ameshika kalamu.
"Gawanya kwa kumi na tisa," akasema.
Nikagawanya.
Elfu tatu mia mbili na kumi, na chenji,
kwa kila uso.
"Hata huyu kibogoyo?"
Hata huyo.

Mkopo kauchukua. Jiko linafunguliwa mwezi wa nne,
na mimi ndiye nitakayeonja pilau kwanza, kaahidi.
Ila picha hataki zirudi
mpaka sahihi ya mwisho ikauke.
Kwa hiyo alfajiri, nikitoka zamu, nawasha taa
na nawakuta wamejipanga ukutani
kama watu wanaosubiri benki ifungue.
Nawaamkia, shikamooni,
navua viatu.
Simu inaanza kulia.