Viraka vya Majina

Mvua ya mwaka imetuaga juzi.
Imeacha ukungu migongoni mwa vitabu,
kutu mpya juu ya kutu ya zamani,
na mwasumini, ambao mwezi mzima
ulikuwa vijiti vitupu ndani ya debe,
leo umeamka mweupe bila kumwambia mtu.

Jumamosi. Kibokoni kila paa lina kazi.
Sisi tunaanika:
vitabu vimelala kifudifudi kwenye saruji
kama vinasikiliza wa chini wanasema nini.
Famau ndiye mwenye zamu ya kuvigeuza.
Kila anachokigeuza anakisoma kurasa mbili, tatu,
jua litakuchwa naye yuko rafu ya kwanza.

Mimi nina makopo yangu.
Usiniulize mangapi. (Famau huuliza.)
Kopo la biskuti lenye farasi asiye kichwa, kutu imemla,
kopo la majani ya chai, kopo la poda,
mali za watu waliokufa au waliohama,
yamenifuata kutoka Mwembe Tayari, kutoka Kongowea,
kutoka kwa yule muuza vyuma wa Makupa
aniitaye "mteja wa takataka"
na asiyenipunguzia hata shilingi.
Kwake nilipata na cherehani hii ya mkono:
maua yake ya dhahabu yamefutwa na kiganja nisichokijua,
pale pale kinapotua changu.

Ndani ya makopo, leso.
Leso ikichakaa huwa mbeleko,
mbeleko ikichakaa huwa tambara la deki;
mimi huikatizia safari njiani.
Nakata penye jina, naweka.
Hiki cha Shangazi Shumi, kimeungua kwa pasi ya makaa.
Hiki cha jirani wa Guraya, aliniachia akihamia Maskati.
Hiki cha mama.
Hicho kimekaa chini kabisa miaka sita,
na kila nikikaribia kukifikia
nakumbuka nina chungu jikoni.

Leo sikukumbuka chungu.

Batuli ameanza kuunga silabi mwaka huu,
basi hasazi kitu: mfuko wa unga, risiti ya stima,
onyo la mbwa kwenye geti la watu wasio na mbwa.
Amelalia tumbo juu ya mfarishi wangu usiokwisha,
kidole kinafuata herufi, kinaruka mshono:
MA-PE-NZI NI KI-KO-HO-ZI
HU-JA-ZA KI-BA-BA.

Famau akashusha kitabu.

MGE-NI NJO-O
HA-U-O-ZI.

Hapo Shangazi Shumi, aliyekuwa akitunga asumini kwenye uzi,
akacheka hadi sindano ikampotea,
na sote tukapiga magoti kuitafuta,
hata Famau, kitabu kwapani, kidole ndani kushika ukurasa.
"Mgeni haozi!" anasema shangazi, machozi yanamtoka,
"Wallahi wako niliowaona wanaelekea!"

Mtoto haelewi, ila amependa kuchekewa.
Anaendelea. Anafika ukingoni,
kwenye zambarau iliyofifia, bado ina pini:
NI-PO HA-PA
SI-E-NDI.

"Hili halina mwanzo," ananishitakia.

Lilikuwa nao. Nusu ya kwanza ilikuwa kijembe,
mama alikinunulia jirani mmoja wa Kuze
akapita nacho mbele ya mlango wake siku tatu mfululizo,
akirudi kila mara amesahau chumvi.
Nusu hiyo waliila panya.

"Nani haendi?"
"Bibi yako."
"Haendi wapi?"

Sindano ya shangazi ilikuwa kwenye mkunjo wa buibui lake.
Nikachomoa pini, nikalisukuma zambarau chini ya mguu wa cherehani,
nikazungusha mpini.
"Sogeza vitabu, Batuli," baba yake akasema,
"kivuli kinakuja."
Naye hakusogea. Alikuwa amerudi mwanzo wa mfarishi,
anasoma upya,
safari hii kwa sauti ya kufundisha.