Udongo wa Chupani

Uyole, maabara, rafu ya juu, kifuniko chekundu:
humo mna udongo usiolimwa.
Ulitoka Ilembo mwaka mbolea ilipoadimika,
ukakaushwa kivulini, ukatwangwa, ukachekechwa,
na Nsajigwa, aliyenitangulia kwenye kiti hiki,
akaubandikia karatasi: tano nukta nane.

Tangu siku hiyo haukosei.
Kila asubuhi, kabla ya mifuko ya Rungwe na Mbozi,
nachota kijiko, nakoroga na maji, natumbukiza waya.
Mashine ikisema tano nukta nane, kazi inaanza.
Ikisema sita, mashine imelewa;
naiosha, naisuta, naianza upya.
Udongo sijawahi kuushuku.

Nilimuuliza Nsajigwa, kabla hajastaafu,
nani alikwambia ni tano nukta nane?
Mashine, akasema,
akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.
Mganga hajigangi. Mizani je, hujipima?

Sasa kijiko kinakwaruza kioo.
Nimepanda pikipiki, ukungu wa Umalila umenilowesha hadi soksi,
nina ramani ya penseli: jiwe, mfereji, mteremko,
msalaba mdogo palipochimbwa.

Bi Sekela Mwazembe alikuwa anapalilia viazi.
Alinisikiliza mpaka mwisho, kidevu juu ya mpini.
Kumbe mnao udongo wangu miaka yote?
Mnawapimia nao watu wa Makete?
Na mimi mwenyewe mmenipimia lini?

Nikapima palepale, nimepiga magoti.
Tano nukta moja.
Nikapima tena.

Hakushangaa. Akahesabu kwa vidole vyenye tope:
pareto misimu minne, mbolea ya ruzuku,
majivu ya jiko lililoungua,
kondo za watoto watatu, pale, karibu na mgomba,
na mvua, baba, mvua ambayo ninyi hamkuipata mle chupani.

Kisha akanitembeza.
Huu unashika jembe. Ule unaachia jembe.
Kule bondeni ni udongo wa mkwe:
laini usoni, ukizama hutoki.
Mpaka wa huu na ule uko wapi? nikauliza, kalamu tayari.
Pale mgongo unapoanza kulalamika.

Fomu yangu ina visanduku vitatu,
kichanga, tifutifu, mfinyanzi.
Nilisimama nayo muda mrefu.
Mkwe nimpeleke wapi?

Nimechukua kilo tano. Nitazikausha, nitazitwanga,
nitakaa na kijiko cha mwisho cha ule wa zamani
kimshuhudie mrithi wake,
kisha nitaandika namba mpya kwa wino
na kesho yake mashine itaiogopa.
Najua nifanyalo. Nachagua siku moja ya shamba hili
nasema: wewe simama hapa, usiendelee,
wengine wote waulizwe wako mbali nawe kiasi gani.
Bila hivyo mkulima wa Mbozi atamwaga chokaa
kwa kubahatisha, na deni analo tayari.

Bi Sekela akafukia shimo kwa unyayo.
Akaufunga mfuko mwenyewe, fundo mara mbili.
Usinyeshewe huu, akasema. Ukinyeshewa utaota.

Nilipokaribia Mbalizi manyunyu yakaanza.
Nikasimama kando ya barabara,
nikavua koti.